Mtambo Mzima, Mtu Hayupo

Mzamiaji wa pili alitoka majini saa tatu kasorobo asubuhi, midomo imegeuka zambarau kwa baridi, akatikisa kichwa. Hakuna kitu. Matope, mawe na tairi bovu la trekta.

"Watashuka tena," alisema Burt Ullsperger, mkuu wa polisi wa kaunti, akiwa amejikunyata ndani ya koti lake. "Ziwa Michigan mwezi wa Aprili halirudishi mtu haraka."

Sajini Lorna Jadin alikuwa mpelelezi pekee wa kaunti ile, mwaka wake wa kumi na tisa kazini, na wakati huo alikuwa amechuchumaa kando ya pikapu ya buluu ya Orville Rass. Gari lilikuwa pale tangu Jumatatu, kwenye uwanja wa kushushia mashua, pua ikilitazama ziwa. Lilikuwa limefungwa milango yote. Lorna alipitisha mkono juu ya tairi la mbele, akapapasa, kisha akautoa.

"Burt, njoo uone."

"Ufunguo," alisema Burt.

"Ulikuwa juu ya tairi. Ungetaka kujitupa majini, ungefunga milango kwanza, halafu ukauweka ufunguo hapa?"

"Mtu aliyechanganyikiwa hufanya lolote."

"Aliyechanganyikiwa huacha mlango wazi. Huyu kaegesha katikati ya mistari, kavuta breki ya mkono, kauacha ufunguo pale ambapo kila mtu hapa Carron huuacha anapomwachia mwenzake gari. Alijua kuna mtu atakuja kulichukua."

"Mbona hakuja mtu?"

"Ndilo swali langu la kwanza leo."

Burt aliwatazama watu waliokuwa wamejipanga juu ya ukingo. Walikuwa wameongezeka. "Fanya haraka," alisema kwa sauti ya chini. "Wale wameshamzika, na wameshamhukumu pia."

Haikuwa ajabu. Kinu cha nyuklia cha Carron kilikuwa kimeulisha mji ule miaka thelathini na tisa. Oktoba iliyopita kampuni iliyokimiliki, Harlan na Meade, ilitangaza kwamba mwezi Mei kitazimwa moja kwa moja. Sababu, walisema, ni soko. Watu walinung'unika wakanyamaza. Kisha Jumanne hii gazeti la mji likachapa barua isiyo na jina. Ilisema soko ni kisingizio. Ilisema ndani ya mtungi wa mvuke B, safu ya ishirini na mbili, mrija wa tisini na nne una ufa, na wakubwa wanajua, na wanakimbia kabla maji yenye sumu hayajafika visimani.

Kufikia Jumatano dukani hakukuwa na maji ya chupa. Shule ilifunika mabomba yake kwa mifuko ya plastiki. Na Alhamisi mke wa Orville Rass alikuja kituoni kusema mumewe hajarudi. Orville ndiye aliyekuwa mkuu wa ukaguzi wa mirija kwa miaka kumi. Watu wakajumlisha moja na moja: ndiye aliyeandika barua, kisha akajitupa ziwani.

*

Janelle Rass alikuwa amekaa jikoni na koti lake mwilini, kama mgeni nyumbani kwake. Aliona uso wa Lorna akashika ukingo wa meza.

"Hawajapata kitu," Lorna aliharakisha kusema. "Na mimi sidhani kama kuna kitu cha kupata kule. Nipe kahawa, dada, halafu unieleze tena. Jumatatu aliondokaje?"

"Kama kawaida. Alikunywa kahawa, akanibusu, akaenda kazini."

"Hakuwa na kazi. Ijumaa iliyotangulia walimpa barua ya kuachishwa. Alirudisha kitambulisho na simu ya kampuni siku hiyo hiyo."

Janelle alimimina kahawa ikafurika kwenye kisahani.

"Naomba nione kabati lake."

Kabati lilikuwa na mashati sita ya kazi, jaketi mbili na hanga moja tupu ya mbao. Nyingine zote zilikuwa za waya.

"Hii ilikuwa na nini?"

"Suti. Aliinunua kwa mazishi ya mama yake."

"Na tai?"

"Anayo moja tu. Fupi. Inaishia hapa." Janelle aligusa chini kidogo ya kifua.

"Haipo. Burashi ya viatu anaiweka wapi?"

Janelle alifungua droo ya chini. "Nayo haipo."

"Janelle, tumesoma darasa moja. Nilikuona ukimdanganya mwalimu Lenz mara ngapi sijui, na kila mara ulikuwa ukitazama dirishani kama unavyotazama sasa. Mtu anayekwenda kufa hachukui burashi ya viatu. Orville alikuwa anakwenda kuonana na watu. Ni akina nani, na kwa nini umenificha?"

Yule mwanamke alikaa kitandani.

"Ni aibu tu, Lorna. Tangu Krismasi anawaandikia watu wasiomjua, anawabembeleza wanunue kinu. Kinu cha nyuklia! Kama mtu anayegawa vitoto vya paka. Februari alichukua likizo akaenda mahali patatu. Pa kwanza walimwacha sebuleni siku nzima. Alirudi amekunjamana, sikumtambua. Jumapili akaniambia anakwenda tena, siku tatu tu, atarudi Jumatano. Nikamwambia, ukiondoka tena kwenda kuombaomba, usinipigie simu."

"Ulimwambia kwa hasira?"

"Kwa utaratibu kabisa. Ningepiga kelele angejua zitapita." Alijifuta pua kwa mkono wa koti. "Akaendelea kunieleza anapita wapi na wapi. Nilikuwa naosha vyombo. Nikafungua bomba zaidi ili nisimsikie."

"Alisema kitu kuhusu gari?"

"Alisema... nadhani alisema giaboksi inateleza, ataliacha mahali apande basi. Huenda aliniambia nikalichukue. Sijui, Lorna! Halafu ile barua ikatoka, na Jumatano hakuja, nikasema nimemuua. Mimi na yale maneno yangu."

"Basi la Green Bay husimama pale uwanja wa mashua saa moja asubuhi," alisema Lorna. "Kunywa kahawa hiyo, hata iliyo kwenye kisahani. Nitakupigia kabla ya mchana kuisha."

*

Wes Kudick, meneja wa kinu, alikuwa mtu mrefu mwenye mashavu yaliyolegea, na ofisi yake tayari ilikuwa na maboksi ukutani. Alisoma nakala ya barua ingawa bila shaka alikwisha kuisoma mara ishirini.

"Nimeshawaambia gazeti ni uongo," alisema. "Wanasema meneja atasema nini kingine?"

"Na mimi ningesema hivyo hivyo. Kwa hiyo usiniambie, nionyeshe. Huu mrija wa tisini na nne uko wapi?"

Kudick alikunjua mchoro mkubwa mezani, akauzuia pembe kwa vikombe. Ulikuwa duara lililojaa vitone vidogo, kila kitone mrija. Maji ya moto kutoka kwenye kinu hupita ndani ya mirija, alieleza, na maji mengine ya nje yake huchemka yakawa mvuke wa kuzungusha mitambo ya umeme. Mrija ukitoboka, maji mawili hukutana. Ndiyo sababu kila mmoja hupitishiwa kipimo kinu kinapozimwa kubadilishiwa fueli.

"Safu ya ishirini na mbili, hii hapa," alisema, akiweka kidole. "Hesabu hadi mwisho."

Lorna alihesabu kwa ncha ya kalamu. Alihesabu mara mbili. "Themanini na nane."

"Themanini na nane."

"Na wa tisini na nne?"

"Haupo. Haujawahi kuwapo." Alisita. "Ngoja. Si kweli. Ulikuwapo kwenye mitungi ya zamani. Ile ilikuwa na safu ndefu zaidi. Tuliitoa mwaka 2001, tukaweka hii."

Lorna aliinua kichwa. "Kwa hiyo aliyeandika barua hakuokota namba hewani. Anaijua mitungi ya ndani, ila anaijua ya zamani tu. Alifanya kazi humu kabla ya 2001, na tangu hapo hajaona mchoro."

"Yaani si Orville."

"Orville angejua kuhesabu hadi themanini na nane. Nani walikuwa wakiingia ndani ya mitungi ile?"

"Walikuwa kikosi kimoja, mafundi wa kuziba na kuchomelea, watu saba. Wanne wamefariki. Wawili walihamia Arizona kutafuta jua. Aliyebaki ni Marcel Delfosse."

Lorna hakuandika jina hilo. Hakuwa na haja. Marcel Delfosse alikuwa baba yake Janelle.

"Kabla sijaenda popote," alisema, "wewe unanionyesha mchoro wako mwenyewe. Nani mwingine anaweza kuniambia hivi ambaye humlipi mshahara?"

"Mlango wa tatu kushoto. Wakaguzi wa serikali kuu. Wanakaa humu mwaka mzima na hata kahawa yangu hawanywi."

Mkaguzi aliyekuwapo alikuwa mwanamke wa makamo aitwaye Philippa Osgood, mwenye sweta lililotoboka kiwiko. Hakutabasamu, na Lorna alimpenda kwa hilo. Alifungua kabrasha la ukaguzi wa mwisho: mirija karibu elfu saba katika mitungi miwili, minne tu iliyozibwa kwa tahadhari, hakuna uliovuja. Kisha akatoa vipimo vya visima kumi na viwili vya wakulima wa jirani, vilivyochukuliwa na jimbo, si na kampuni. Vya mwezi uliopita, na vya jana.

"Vya jana?"

"Barua ilitoka Jumanne. Jumatano asubuhi niliomba wapime upya," alisema Philippa Osgood. "Maji ni safi, afande. Mimi mwenyewe nayanywa. Nimeandika hivyo kwa gazeti, ila wao hutoka Jumanne tu."

Lorna aliomba nakala mbili, zenye mhuri. Aliporudi kwa Kudick alikuta bado amesimama juu ya mchoro.

"Sasa niambie," alisema Lorna. "Kama ni kizima hivi, mnakifunga kwa nini?"

"Umeshaambiwa. Soko."

"Nimeambiwa neno. Nieleze kama unavyomweleza mtu aliyekulia zizini."

Kudick alikaa. "Mwaka jana kinu hiki kilifanya kazi siku mia tatu na arobaini na moja, nguvu zote. Leseni tumeongezewa miaka ishirini. Fueli yenyewe ni rahisi. Lakini humu nina watu mia sita na kitu, walinzi wenye bunduki, mafundi, wakaguzi, zima-moto wangu mwenyewe. Wote hao nawalipa, kinu kitoe umeme kisitoe. Nikigawanya, yuniti elfu moja za umeme zinanigharimu dola arobaini na moja. Zamani tulikuwa na mkataba na makampuni ya usambazaji, wakinunua kwa bei tuliyokubaliana. Mkataba unaisha mwaka huu. Hawataki mwingine, maana sasa umeme unanadiwa sokoni saa kwa saa, na kule wanaupata kwa dola ishirini na tisa."

"Nani anaweza kuuza kwa ishirini na tisa?"

"Gesi. Tangu walipojifunza kuipasua kutoka kwenye miamba, bei yake imeanguka kama jiwe. Mtambo wa gesi una watu thelathini, na jioni mahitaji yakipungua wanauzima waende nyumbani. Mimi siwezi. Hiki si taa ya kuwasha na kuzima. Upepo nao ukivuma sana usiku, wenye vinu vya upepo wanauza karibu bure, na kuna saa bei inashuka chini ya sufuri. Umewahi kuuza kitu ukamlipa mnunuzi akichukue?"

"Na wenzenu wenye vinu viwili, vitatu pamoja?"

"Wale wanagawana walinzi, wanagawana mafundi. Wanapumua. Harlan na Meade walipotununua walikusudia kununua na vya jirani, wavifunge kamba moja. Hawakupata. Tukabaki sisi peke yetu, kimoja."

Lorna aliutazama ule mchoro wenye vitone elfu tatu na mia tano. "Baba yangu alikuwa na ng'ombe sitini," alisema. "Wa mwisho kuuzwa alikuwa akitoa lita arobaini kwa siku. Idara ya mifugo ilimpa utepe kwenye maonyesho. Lakini maziwa yalikuwa yakinunuliwa chini ya bei ya chakula chake, kwa hiyo kadiri alivyokamuliwa vizuri, ndivyo tulivyozama. Watu walimuuliza baba, ng'ombe ana ugonjwa gani? Akasema, hana."

"Basi umeelewa," alisema Kudick. "Mimi imenichukua mwaka."

"Mlitafuta mnunuzi?"

"Miezi kumi na minane. Kampuni kubwa zote, kisha vyama vya ushirika vya umeme, kumi na kimoja. Hakuna aliyepiga simu mara ya pili."

"Orville anayo orodha ya hao kumi na mmoja?"

Kudick alionekana kushangaa. "Aliniomba siku anaondoka. Pamoja na nakala za ukaguzi, boksi zima. Si siri, ziko wazi kwa yeyote, nikamsainia getini. Nilidhani anataka kujua awalaani nani."

"Hakwenda kuwalaani. Nipe na mimi orodha hiyo. Na simu yako, kama bado haijafungashwa."

*

Alipiga simu kwa mpangilio, kutoka ushirika ulio karibu kwenda ulio mbali. Wa kwanza hawakuwa wamemwona mtu. Wa pili mpokea simu alimwacha asikilize muziki dakika tisa kisha ikakatika. Wa tatu, sauti ya mwanamke mzee ilisema:

"Mwenye tai fupi?"

Lorna alisimama. "Mwenye tai fupi."

"Alikuja Jumanne. Ana boksi la karatasi, analibeba kama keki. Bosi alimpa dakika kumi. Maskini, alikuwa na adabu."

"Alikuwa na hali gani?"

"Ya mtu ambaye hakulala vizuri. Aliniuliza njia ya kwenda Bixby."

Ushirika wa Bixby ulikuwa wa tano kwenye orodha. Ndiyo, alifika Jumatano asubuhi, katika gari dogo jekundu la kukodi. Walimwambia hapana kabla hajakaa. Wa sita hawakumwona. Wa saba ulikuwa mji wa Tillery, ng'ambo ya mpaka, Iowa. Katibu muhtasi alijiita Roxanne na alitafuna akiwa anaongea.

"Bwana Rass? Jana saa saba mchana alikuwa hapa hapa mbele yangu. Nilimpa nusu ya sandwichi yangu. Mtu akikutazama sandwichi vile unafanyaje?"

"Dada Roxanne, una hakika ni jana?"

"Jana ilikuwa Alhamisi, huwa naleta nyama ya bata mzinga. Kafanya nini kwani?"

"Hajafanya kitu. Amekwenda wapi?"

"Harmon Falls. Wale walimwambia kwa simu aende leo, saa kumi, bodi yao inakaa. Alifurahi kama kashinda bahati nasibu. Alilala hapa moteli akasubiri."

Lorna alikata simu. Kudick alikuwa mlangoni na kikombe mkononi, hajanywa.

"Yuko hai," alisema Lorna.

Meneja aligeuka akatazama maboksi yake, akabaki ameyatazama vivyo hivyo huku mabega yakishuka polepole.

Simu ya Burt iliita mara moja tu.

"Watoe watu wako majini," alimwambia.

"Una hakika?"

"Jana mchana alikuwa Iowa anakula sandwichi ya katibu muhtasi. Maiti hali bata mzinga, Burt."

Ilisikika pumzi ndefu, kisha sauti ya mtu mzito akikaa juu ya kitu cha bati. "Kumbe tulikuwa tunalipekua ziwa bure," alisema Burt, na alicheka mpaka akakohoa. Lorna alimsikia akipaza sauti kuelekea ukingoni, na kutoka mbali watu wakaitikia kwa kelele moja.

Alipompigia, Janelle hakucheka wala kulia. Aliuliza mara tatu, "Jana? Jana Alhamisi?" Kisha akasema anakwenda mgahawani kwa Gaspard, aliko baba yake, hawezi kukaa mle ndani tena. Lorna alimwomba asubiri nusu saa. Halafu akapiga Harmon Falls, akaacha namba yake ya mkononi na maneno machache: Bwana Rass akimaliza na bodi, asiondoke kabla hajapiga.

*

Ijumaa watu wote wa Carron hula samaki kwa Gaspard, na tangu alipostaafu, Marcel Delfosse ndiye aliyekuwa akiwaparua. Lorna alimkuta uani nyuma ya jiko, mzee wa miaka sabini na mmoja mwenye mikono mipana, ndoo ya sangara wadogo wa manjano miguuni pake. Alipomwona polisi kisu kilisimama.

"Mmempata," alisema. Hakuwa akiuliza.

"Tumempata, mzee. Yuko hai. Yuko kwenye mkutano, kavaa suti."

Kisu kilianguka ndani ya ndoo. Mzee Marcel alitafuta pa kukaa, akalikuta kreti la bia, akakaa, akafunika uso kwa mikono yenye magamba. Lorna alimwacha.

"Basi nifunge," mzee alisema hatimaye, nyuma ya viganja.

"Kwa lipi?"

"Usinichezee, Lorna. Wewe hukuja huku kunipa habari tu. Hiyo ungempa Janelle aniletee."

"Mrija wa tisini na nne," alisema Lorna. "Mitungi mipya inaishia themanini na nane."

Alishusha mikono. Kwa mara ya kwanza alionekana ametahayari kama fundi. "Themanini na nane? Orville hakuwahi kuniambia."

"Ulitaka nini, mzee? Umeutia mji mzima hofu."

"Najua. Jana nimemwona mjukuu wa Gaspard anapiga mswaki kwa soda ya machungwa." Alivuta pumzi. "Nisikilize. Miaka ishirini na sita niliingia ndani ya ile mitungi. Mrija ukichoka, tuliuziba. Mtungi ulipochoka, tuliubadilisha, na wakaleta winchi kubwa kama kanisa. Hawakusema bei. Kitu kikiharibika, watu hukimbia kukitengeneza. Oktoba wakaja kutuambia wanakifunga kizima. Kizima! Nilikaa majira yote ya baridi nikitafuta kosa, nisilione. Nikasema moyoni, kibovu hutengenezwa, lakini kisichouzika nani atakitengeneza? Nikafikiri serikali ikisikia ufa itasema, simameni, msifunge mpaka tuchunguze. Uchunguzi wao huchukua mwaka. Ndani ya mwaka gesi ingeweza kupanda bei."

"Hata ingekuwa kweli, wangekizima siku hiyo hiyo."

"Sikufika huko. Mimi ni mchomeleaji." Alichungulia ndoo. "Halafu Orville akapotea, na watu wakaanza kusema ni yeye. Mbele yangu, nikiwaparulia samaki. Nikanyamaza. Siku mbili nimenyamaza, Lorna, mkwe wangu anatafutwa majini. Hilo ndilo la kunifunga."

Lorna alitoa kalamu. "Utaniandikia yote, kwa mkono wako. Jumapili baada ya misa utasimama ukumbini, mimi pembeni na karatasi za visima, uwaambie mwenyewe. Taarifa ya uongo ni kosa. Nitampelekea mwendesha mashtaka, na yeye ataamua. Sitaongeza chumvi, sitapunguza."

"Haki hiyo."

"Na kabla ya yote utamwambia binti yako."

Janelle alikuwa ameshasimama kwenye mlango wa jiko. Hakuna aliyejua tangu lini. Kisha akaenda akakiokota kisu ndani ya ndoo, akakifuta, akakiweka juu ya ubao, mbali na mkono wa baba yake.

"Ungejikata," alisema.

Simu iliita saa kumi na moja kasoro dakika ishirini. Janelle na baba yake walikuwa wamekaa ndani, kwenye meza ya pembeni, na ukumbi mzima ulikuwa ukijifanya unakula. Lorna alitazama namba, akamkabidhi Janelle bila kusema halo.

"Ni mimi," alisema Janelle. Alisikiliza. "Najua nilisema nini. Ndiyo. Nyamaza kwanza." Alisikiliza tena, na taratibu mkono uliokuwa umeshika meza ukaachia. "Walikusikiliza dakika ngapi? Arobaini? ... Na wakauliza maswali? ... Ehe." Alifumba macho. "Ehe. Basi. Basi, Orville. Kama watu wazima wamesoma boksi zima, wakasema ni kinu bora walichowahi kuona, halafu wakasema hapana, kosa si lako. Umenisikia? Si wewe. Rudi nyumbani. Usiendeshe usiku, lala, uje kesho."

Akafunika simu kwa kiganja. "Sauti yake imetulia," alimwambia Lorna, kama mtu anayetoa taarifa ya ajabu. "Anasema ana njaa."

Kisha akamgeukia baba yake. "Na wewe una lako la kumwambia."

Mzee Marcel alichukua simu akatoka nje nayo. Wote walimwona kupitia dirishani, amesimama kwenye baridi, kofia mkononi, akiongea na kuitikia. Aliongea sana. Mara mabega yake yakaanza kutikisika, na Janelle akainuka nusu kutoka kitini. Lakini mzee alirudi ndani macho yamelowa, mdomo umepinda upande.

"Anacheka," alisema. "Nimemwambia kila kitu, na yule mjinga anacheka."

Gaspard alikuja bila kuitwa akaweka sahani mbele ya Janelle: sangara wa kukaanga, viazi, kabichi, mkate mweusi. Janelle hakuwa ametia kitu tumboni tangu Jumatano. Alikula kwa vidole, bila kuinua kichwa, mpaka akaifuta sahani kwa mkate. Halafu alimwangalia Lorna, aliyekuwa bado amesimama na daftari lake.

"Vua koti ukae," alimwambia, akainua sahani tupu juu ili Gaspard aione. "Nyingine! Na ya sajini pia, ijae."